Jiwe la Kapteni na Magofu ya Tumbe: Kuyasoma Makumbusho kama Matini

Utangulizi

Sisi wahakiki wanafunzi tumezoea kuuliza maswali yale yale juu ya vitabu vile vile. Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Ametumia fani gani, na kwa kusudi lipi? Kitabu kikishaingia katika orodha ya vitabu teule, basi, kitahakikiwa mpaka karatasi zenyewe zichoke. Makala hii inakusudia kuyatoa maswali hayo ndani ya vitabu na kuyapeleka mahali ambapo kwa kawaida huwa tunaingia kama watalii au kama wanafunzi wa somo la historia tu, yaani katika makumbusho.

Nitazungumzia mahali pawili. Pa kwanza ni Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo wenyeji huiita Ngomeni kwa mkato. Hilo ni jengo la serikali za kigeni zilizopokezana, ambalo limetengenezwa upya na kufanywa makumbusho. Pa pili ni magofu ya Chwaka, kijijini Tumbe, kaskazini ya Pemba, ambako ndiko kwetu. Ngomeni kuna lango, tiketi, maandishi na walinzi. Chwaka kuna kuta za mawe na chokaa zilizosimama kati ya mashamba, na anayekusimulia ni yule uliyemkuta njiani.

Pengine msomaji atauliza, pana uhusiano gani baina ya hapo pawili? Uhusiano upo, tena umeandikwa. Juu ya lango la Ngomeni lipo jiwe lenye maandishi ya Kireno ambalo linaitaja Pemba kwa jina. Linaitaja kama kisiwa kilichoadhibiwa. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane wakati: jiwe lile ni majigambo, na tukilihakiki kama tunavyohakiki majigambo tutaona kwamba, bila kupenda, linawatolea ushahidi watu lililokusudia kuwafuta. Na sisi wa Tumbe, ambao hatuna jiwe lenye maandishi kama lile, tunayo hadithi yetu ambayo nayo haitakiwi kuonewa haya wala huruma na mhakiki.

Je, makumbusho ni kazi ya mhakiki wa fasihi?

Wapo wenzetu watakaosema kuwa fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na kwa hiyo ukuta na mzinga haviwahusu. Hoja hii ina uzito wake, lakini haifiki mbali. Makumbusho hayapo bila lugha. Kila kitu kilichomo ndani kina kibandiko, kila chumba kina jina, na mpangilio wa vyumba ni msuko wa matukio: uanzie wapi, ufuatie nini, utoke ukiwa na picha ipi kichwani. Anayeamua kwamba chumba cha Wareno kitangulie na cha wengine kifuate anafanya kazi ile ile ya mwandishi wa riwaya anapoamua sura ya kwanza iwe ipi.

Tena, tunaukumbuka ule mfano wa darasani wa kikombe na chai, kwamba kikombe ndicho fani na chai ndiyo maudhui. Mfano huo umeshapingwa vya kutosha, maana unamfanya mtu adhani kwamba chai inaweza kumiminwa katika kikombe chochote na ikabaki chai ile ile. Makumbusho ni ushahidi mzuri dhidi ya mfano huo. Vigae vile vile vya China vilivyochimbwa pwani, ukiviweka ndani ya ngome yenye mizinga, vitazungumzia biashara iliyolindwa na mizinga. Ukiviacha kwenye udongo wa Tumbe vilikookotwa, vitazungumzia wakulima na wavuvi waliokuwa wakifanya biashara na ng'ambo kabla mzinga wowote haujafika. Jengo hapa haliwi chombo cha kubebea tu. Jengo lenyewe linasema.

Jengo na mabwana zake

Sote hupenda kusema kwamba Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno, na ni kweli. Lakini mfalme aliyetawala wakati ule alikuwa Mhispania. Kati ya mwaka 1580 na 1640 taji la Ureno lilikuwa mikononi mwa wafalme wa Hispania. Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1593 chini ya Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye kwa Ureno alihesabiwa kuwa wa kwanza wa jina hilo, na jiwe la uzinduzi linamtaja yeye. Mchoraji wa ramani ya ngome alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na amri zilipitia Goa, India. Kwa hiyo bwana yuko Hispania, bendera ni ya Ureno, fundi katoka Italia, ofisi iko Goa, na mawe ni ya Mombasa. Huo ndio uliokuwa ukoloni wenyewe: mtu aliyeamua juu ya ushuru wa Mpemba hakuwahi kumwona Mpemba.

Baadaye jengo lilibadilisha mabwana mara nyingi. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni akamuua kapteni, kisha akaishika ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, na Wareno wakarudi. Kuanzia 1696 Waomani waliizingira kwa karibu miaka mitatu mpaka ilipoanguka mwezi wa Disemba 1698. Katika karne ya 18 ikawa makao ya Wamazrui, ambao ndio pia walioitawala Pemba mpaka miaka ya 1820. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza kuwa jela, ikabaki jela hadi 1958. Hapo ndipo ilipotangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, ikachimbwa na kutengenezwa chini ya James Kirkman kwa msaada wa fedha za Calouste Gulbenkian Foundation yenye makao yake Lisbon, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nimeiorodhesha historia hii kwa haraka kwa sababu nataka msomaji aone jambo moja la kihakiki. Tendo la kutengeneza jengo upya ni tendo la kuchagua. Jengo lililowahi kuwa ngome, makao ya watawala, kambi na jela haliwezi kurudishwa katika hali zake zote kwa pamoja. Lazima hali moja isimame mbele na nyingine zirudi nyuma. Ukisimama Ngomeni leo unaona ngome ya vita. Ile miaka sitini na mitatu ya jela, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na babu zetu, unatakiwa uitafute kwa tochi.

Jiwe la lango kama majigambo

Sasa tulisogelee jiwe lenyewe. Linazungumza kwa niaba ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira na linataja mwaka 1635. Sitayanukuu maneno yake; nitaeleza mtiririko wake. Kwanza linasema kwamba alifanywa kapteni wa ngome kwa miaka minne akiwa na umri wa miaka 27, na kwamba aliijenga upya. Kisha linahesabu ushindi: amewarudisha chini ya Mfalme watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu (ndiye Yusuf bin Hasan huyo), amewatoza kodi wafalme wa Manda, Luziwa na wengineo, ameibomoa mitaa ya kuta za Pate na Siyu, amewaadhibu watu wa bara ya Mombasa. Halafu inafika zamu yetu. Ameiadhibu Pemba, na huko, kwa uamuzi wake mwenyewe, amewaua wakuu walioasi pamoja na watu mashuhuri wote. Kodi zote zilizokuwa zimekataliwa akazitoa kwa nguvu. Mwisho linataja malipo: cheo cha uungwana katika nyumba ya Mfalme, milreisi 50 kwa mwaka, na ahadi ya kutawala Jaffna, huko Sri Lanka, kwa miaka sita.

Mwanafunzi yeyote aliyesoma fasihi simulizi atalitambua umbo hili mara moja. Mtendaji anajitaja, anataja umri wake na cheo chake, anahesabu mahali alipopigana, anawadunisha wapinzani, na anafunga kwa heshima alizovuna. Haya ni majigambo. Wahaya wana vivugo vyao, makabila mengine wana vyao, na Mreno naye kumbe alikuwa na chake. Ila zipo tofauti tatu ambazo kwa maoni yangu ndizo kiini cha uhakiki wake.

Tofauti ya kwanza ni nafsi. Majigambo yetu husemwa kwa nafsi ya kwanza: ni mimi niliyefanya hivi, ni mimi fulani mwana wa fulani. Kapteni anajificha nyuma ya nafsi ya tatu. Anasema "yeye" ilhali ni yeye. Faida ya mbinu hii ni kwamba kujisifu kunavaa joho la historia. Msomaji wa leo anayesimama chini ya lango anadhani anasoma taarifa, kumbe anasikiliza mtu akijipigia debe.

Tofauti ya pili ni hadhira. Mwenye kutamba kwa majigambo husimama mbele ya watu wanaomjua. Akizidisha uongo watamcheka, na pengine yuko mzee pembeni aliyekuwepo vitani siku hiyo, atakohoa tu na watu wataelewa. Hadhira hai ndiyo breki ya majigambo. Kapteni aliandika juu ya jiwe, kwa lugha ambayo wenyeji wengi hawakuisoma, juu ya lango ambalo mwenyeji aliingia kwa ruhusa. Hadhira yake ni wakubwa wa Goa na mfalme wa mbali. Hakuna wa kukohoa.

Tofauti ya tatu ni mwisho wake. Lo! Shujaa amemaliza kuua, sasa anahesabu marupurupu. Milreisi hamsini, cheo hiki, utawala ule. Ukilitazama vizuri jiwe hili, sehemu yake ya mwisho inafanana na barua ya kazi kuliko utenzi wa vita. Nadhani huu ndio ukweli mkubwa kuliko yote uliomo katika jiwe zima, na kapteni ameutoa bila kushtuka. Watu mashuhuri wa Pemba wamewekwa katika orodha moja na pensheni.

Hebu sasa tuchukue maneno mawili tu. La kwanza ni "wote". Jiwe linasema watu mashuhuri wote waliuawa. Katika majigambo, neno hili ni chuku. Haliwezi kuchukuliwa kama hesabu. Mwanahistoria akilichukua kavu kavu, ataandika kwamba mwaka fulani Pemba ilibaki haina viongozi. Mhakiki atasema: subiri, huyu anatamba, na mwenye kutamba hubakishi mtu. Jambo la pili ni ule msisitizo kwamba aliua kwa uamuzi wake mwenyewe. Maana yake hakukuwa na hukumu iliyotoka juu wala baraza lililokaa. Kapteni anaona hiyo ni sifa. Sisi leo tunaona ni kukiri kosa. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni hadhira. Hii ndiyo kejeli ambayo mwandishi hakuipanga, na ni kali kuliko nyingi zilizopangwa.

Kuna na jambo jingine lililo bora zaidi. Ili adui ashindwe, ni lazima kwanza awe adui wa maana. Majigambo hayawezi kumtukuza mshindi bila kumpa mshindwa kimo. Kwa hiyo kapteni analazimika kusema kwamba Pemba ilikuwa na wakuu, ilikuwa na watu mashuhuri, iliasi, na ilikataa kulipa kodi. Kabla ya jiwe kusema kodi ililipwa kwa nguvu, linasema kodi ilikataliwa. Nani mwingine aliyetuandikia sentensi hiyo? Mwuaji ndiye aliyetuwekea kumbukumbu kwamba hatukukubali. Kitu pekee alichotunyima ni majina. Katika jiwe lote mwenye jina ni yeye. Mfalme wa Mombasa ni "dhalimu", na wa Pemba ni "watu".

Sauti nyingine ndani ya ngome

Itakuwa si haki kuyahukumu makumbusho yote kwa jiwe moja. Ngomeni zipo sauti nyingine, na mzuru makini atazisikia. Ipo michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno kwa makaa na udongo mwekundu: meli, watu, samaki. Ukisimama mbele yake baada ya kulisoma jiwe, unapata tabaini ya ajabu. Jiwe ni la kapteni na limepangwa. Michoro ni ya watu wadogo, mabaharia au askari, na haikumwomba mtu yeyote cheo. Aliyechora meli bila shaka alikuwa anaitamani. Hapa mkoloni anaonekana mpweke, na sioni ubaya wa kusema hivyo. Fasihi nzuri hutufundisha kumwona binadamu hata ndani ya adui, mradi tusisahau kwamba ni adui.

Vipo vitu vilivyopatikana katika merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingira ya Waomani na ikachimbuliwa baharini kati ya 1977 na 1980. Upo ukumbi wa Wamazrui wenye maandishi yao. Na nje ya makumbusho, katika fasihi yetu ya Kiswahili, upo Utenzi wa Al-Akida wa Abdallah bin Masud Mazrui, unaohusu yule akida aliyejifungia humo humo ngomeni dhidi ya Seyyid Barghash mpaka Waingereza wakaipiga ngome mizinga mwaka 1875. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba ngome hii tayari ni mhusika katika fasihi yetu. Mwanafunzi anayeusoma utenzi ule bila kupanda ngazi za Ngomeni amesoma nusu. Na anayepanda ngazi bila kuusoma utenzi naye kaona nusu. Ningependa siku moja kumwona mzuru akipewa vyote viwili mlangoni.

Tumbe: matini isiyo na kibandiko

Sasa turudi kwetu. Tumbe inajulikana kwa samaki. Mnada wake ni miongoni mwa mikubwa kisiwani Pemba. Anayekuja kwa ajili ya samaki hajui kwamba anakanyaga mji wa zaidi ya miaka elfu moja. Uchunguzi wa akiolojia ulioongozwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher umeonyesha kwamba hapa palikuwa na makazi ya zaidi ya hekta 20 tangu karibu karne ya 7 au ya 8 mpaka ya 10. Watu wake walitumia vyombo vya kutoka ng'ambo na walitengeneza shanga za makombe kwa wingi. Vigae vya kusagia shanga hizo vimeokotwa chungu nzima. Mji huo ukaachwa. Katika karne ya 11 jirani yake tu ukaanza mji wa Chwaka, ambao uliishi hadi mnamo karne ya 16. Chwaka mawe yalitumika kwa misikiti na makaburi, na nyumba nyingi za watu zilikuwa za udongo na miti. Hata chakula kilibadilika: uchunguzi wa mabaki ya nafaka uliofanywa na Sarah Walshaw umeonyesha kwamba watu wa Tumbe ya kale walitegemea zaidi uwele, na wa Chwaka wakaingia katika mpunga.

Jambo hili la mwisho si dogo. Pwani nzima iliijua Pemba kwa mchele wake, na ndicho kilichowavuta wengi waje wautake. Kapteni aliposema kodi ilikataliwa, nyuma ya neno "kodi" kuna jasho la mtu na jembe lake. Jiwe halimwonyeshi mtu huyo. Punje zilizoungua za Chwaka zinamwonyesha.

Lakini hapa ipo hatari, na nataka niionyeshe kidole. Mtu aliyetoka kulisoma jiwe la Ngomeni akafika Chwaka na kuziona kuta zilizoanguka, haraka haraka ataunganisha: ala, basi hawa ndio walioadhibiwa, na hii ndiyo kazi ya kapteni! Ni hadithi tamu, ina mwanzo na mwisho. Haisimami lakini. Mji wa Chwaka ulikuwa umeshaisha kama miaka mia moja kabla ya mwaka unaotajwa na jiwe. Na makaburi ya Wamazrui yaliyopo hapo karibu ni ya karne ya 18, baada ya Wareno kufukuzwa. Magofu yale yana sababu zake yenyewe. Mhakiki anayechukia uongo wa kapteni hana ruhusa ya kutunga uongo wake, hata ukiwa wa kizalendo.

Na kumbukumbu za kwetu zinasema nini? Zinamtaja zaidi Haruni, ambaye kaburi lake linaonyeshwa Chwaka, na simulizi zinamwunganisha na ukoo wa Mkama Ndume, yule mtawala wa Pujini ambaye jina lake la asili hutajwa kuwa Muhammad bin Abdulrahman. Huyu Mkama Ndume ni mhusika wa kutisha. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni mkamuaji wa wanaume, na inasimuliwa kwamba aliwafanya raia zake wabebe mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio. Angalieni jazanda ilivyo na nguvu: mtu mzima, jiwe kichwani, anasota. Simulizi haikuhitaji kueleza maana ya dhulma. Imeionyesha kwa mwili wa binadamu.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaotaka kuitumia fasihi simulizi kama dawa ya kila jeraha la ukoloni. Kwa mujibu wao, mgeni amesema uongo katika jiwe, kwa hiyo ukweli uko kwa wazee wetu, basi. Lakini wazee wetu, walipokaa kusimulia, hawakumchagua Mreno awe dhalimu mkuu. Walimchagua mtu wa kwao. Mreno amebaki Pemba katika mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha naye, na hata huko ng'ombe hauawi. Watu wanamchokoza, wanakimbia, wanacheka, mchezo unakwisha. Lakini Mkama Ndume hachekwi. Naona katika uchaguzi huo hekima kubwa ya kisanaa na ya kisiasa. Jamii iliona kwamba mgeni ataondoka, ila tabia ya mwenye nguvu kumkalia asiye na nguvu ndiyo inayobaki, basi ikaiwekea hadithi.

Tukizilinganisha matini hizi mbili tunapata picha hii. Jiwe lina tarehe na jina la mwandishi, halina majina ya waliodhulumiwa, na linaisifu dhulma. Simulizi ya Tumbe na Pujini haina tarehe wala mwandishi, nayo pia haina majina ya waliosota, lakini inailaani dhulma. Zote mbili zimewasahau wanyonge kwa majina. Tofauti ni kwamba simulizi imesimama upande wao.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba makumbusho ni matini, kwamba jiwe la Ngomeni ni majigambo yaliyovaa joho la historia, na kwamba tukiyasoma hivyo tunapata humo ushahidi wa ukaidi wa Wapemba ambao mwandishi hakukusudia kuutoa. Imeonyesha vile vile kwamba simulizi za kwetu hazistahili kupokewa kwa kupigiwa makofi tu, kwani nazo zina uchaguzi wake, na uchaguzi huo ndio utamu wa kuuhakiki.

Kwa vitendo, nina mambo mawili ya kupendekeza. La kwanza linahusu Ngomeni na majengo yote ya aina yake katika pwani yetu: jiwe lisiondolewe wala lisifichwe, bali karibu yake wasomaji waelezwe kwa Kiswahili ni nani anayesema, anamwambia nani, na analipwa kiasi gani kwa kusema. Jiwe la kapteni lilikosa mzee wa kukohoa pembeni. Sisi tunaweza kumweka.

La pili linatuhusu sisi wenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Unguja lililokuwa makumbusho, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Kama jumba la serikali lenye jina dunia nzima linaweza kulala chini kwa siku moja, nani atazidhamini kuta za Chwaka? Na wanaosimulia habari za Haruni wanapungua haraka kuliko kuta. Kila mwaka wanafunzi wa Idara zetu za Kiswahili huandika tasnifu. Nyingi ni juu ya riwaya ambazo zimeshahakikiwa mara ishirini. Sisemi riwaya ziachwe. Nasema wachache wetu wapande gari mpaka Tumbe, waamkie shikamoo, wakae chini, waandike kila toleo la hadithi pamoja na jina la msimuliaji, kijiji chake na mwaka wa kusimulia, kisha wazilete hapa tuzigombanie. Kapteni alijua thamani ya kuandika jina lake juu ya jiwe. Ni wakati wa majina ya wasimuliaji wetu nayo yaandikwe.